Macho Mekundu ya Unyanyembe na Mizani ya Tabibu

Katika nchi ya Unyamwezi na Usukuma jicho la mwanadamu limepata kugeuzwa shahidi wa kumtia hatiani mwenye jicho mwenyewe, na wanawake wazee wasio na hatia yoyote, ambao wekundu wa macho yao ulitokana na moshi wa kuni mbichi, wa mabua na wa kinyesi cha ng'ombe walioupumua jikoni tangu usichana wao, wamesingiziwa uchawi, wakaviziwa usiku, wakauawa kwa mapanga. Habari hizi si za kubuni. Zimeandikwa magazetini miaka nenda miaka rudi, zimesomwa mahakamani, na mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza imetajwa ndani yake mara nyingi kupita inavyostahimilika. Nimezitanguliza kwa sababu maradhi nitakayoyaeleza humpa mtu macho mekundu, yaliyotokeza nje, yenye kukodoa bila ya kupepesa. Na ajuza apatwaye nayo katika kijiji cha Sikonge au Uyui hukabiliwa na hatari mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa ndani ya fuvu la kichwa chake, na ya pili ikiwa katika vinywa vya majirani zake.

Maradhi hayo ni ya macho, lakini chanzo chake huandamana na tezi ya thairoidi, ile tezi ndogo iliyokaa shingoni chini ya kikoromeo na kuutawala mwendo wa kazi zote za mwili. Aghalabu huzuka kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imekosa njia, ikawa haipigani na vijidudu peke yake bali inaichochea tezi hiyo usiku na mchana, nayo tezi ikamwaga homoni kupita kadiri, hata moyo ukadunda mbio, mikono ikatetemeka, jasho likamtoka mtu wakati wa baridi, na mwili ukakonda ilhali mwenyewe anakula kuliko zamani. Waingereza wameuita ugonjwa huo kwa jina la Robert Graves, tabibu wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, na Wajerumani kwa jina la Carl von Basedow wa mji wa Merseburg, aliyeandika mwaka 1840 juu ya mambo matatu yaendayo pamoja, yaani rovu la shingoni, mapigo ya moyo na macho kutokeza. Walakini insafu yatutaka tumkumbuke Sayyid Ismail al-Jurjani, tabibu wa Uajemi, ambaye katika karne ya 12, miaka mia saba na ushei kabla ya hao wawili, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha tiba, alichomtungia mfalme wa Khwarazm, kwamba macho yaliyotokeza huweza kufuatana na rovu.

Yanayotendeka nyuma ya jicho yafaa yafahamike vizuri, maana hukumu yote ya uzito wa maradhi haya imesimama juu yake. Jicho limekaa katika pango la mfupa lililofungwa pande zote isipokuwa mbele, na ujazo wa pango hilo ni kama mililita 30 tu. Humo mna mafuta, mna misuli 6 ya kulizungusha jicho, mna mishipa ya damu, na mna neva ichukuayo nuru kutoka jichoni mpaka kwenye ubongo. Kinga iliyopotoka huzishambulia chembe za pangoni kwa kuwa zina alama ile ile iliyomo katika tezi, kisha mafuta huongezeka, misuli huvimba na kunenepa, na kwa kuwa mfupa hautanuki, vilivyomo hutafuta nafasi. Vikiipata nafasi mbele, jicho husukumwa nje, na watu wote wakaliona. Visipoipata, kwa sababu kope na utando wake vimekaza, shinikizo hurudi nyuma na kuibana neva ya kuonea mahali pale pembamba palipo ndani kabisa ya pango, na mtu huanza kupofuka ilhali uso wake haukubadilika sana.

Hapo ndipo walipokosea wengi, na baadhi yao ni watu wenye elimu: hudhani kwamba jicho lililotoka sana ndilo lililo katika hatari kubwa, na lile lililotoka kidogo laweza kungoja. Jicho lililosogea mbele limejipatia nafasi ya kupumua. Lile lililobaki mahali pake, limevimba kope, gumu likibonyezwa, zito kugeuka juu, ndilo pengine lililo karibu kupotea. Kutokeza kwa jicho ni dalili moja tu katika dalili nyingi, na mtu akiyapima maradhi haya kwa kutazama sura peke yake atawatisha wasio na haja ya kutishwa na kuwatuliza wale waliokuwa wapakiwe garini alasiri ile ile.

Katika mikoa ya magharibi kuna jambo jingine liwachanganyalo watu, nalo ni rovu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kufika Ujiji ilikuwa pia njia ya chumvi, na chumvi ya chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ilikuwa ikichemshwa huko zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mwarabu au Mzungu wa kwanza kupita, kama uchimbaji wa mambo ya kale ulivyothibitisha katika miaka ya 1960. Ilikuwa chumvi njema, ikabebwa mabegani mwa Wanyamwezi kwenda nchi nyingi. Lakini mbali na bahari udongo na maji huwa na upungufu wa madini joto, na watu wengi wa bara walivimba shingo kwa upungufu huo, hata serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikaamuru chumvi ya kula itiwe madini hayo. Rovu la namna hiyo halitokezi macho. Ni maradhi mbali na yale ya kinga kupotoka, ijapokuwa shingo zote mbili huonekana zimevimba. Ni kweli pia kwamba huko Zimbabwe na Kivu ya Kongo, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea, watu wenye marovu ya siku nyingi walionekana wakiugua kwa tezi kuzidisha kazi. Jambo hilo halikuwa sababu ya kuikimbia chumvi, ambayo imewaokoa watoto wengi na udumavu wa akili, bali ni sababu ya tabibu kuiuliza damu kabla ya kutoa hukumu. Tena wapo watu wachache wenye macho ya maradhi haya ambao shingo zao ni nyembamba na damu yao haina kasoro ya homoni, kwa hiyo kutokuwapo kwa rovu hakumtoi mtu shakani.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Mwaka 1969 Mmarekani Sidney Werner alizipanga dalili za macho haya katika ngazi, toka jicho lisilo na kitu hata jicho lililopoteza nuru, na mpango wake ukatumika ulimwenguni kwa miaka mingi. Kasoro yake ilikuwa kwamba ulimfanya mtu adhani maradhi hupanda ngazi moja baada ya nyingine, kumbe huweza kuruka. Fauka ya hayo, haukutenga maswali mawili ambayo lazima yatengwe: je, maradhi yangali yakiendelea, na je, yamekwisha kudhuru kiasi gani? Mkulima wa tumbaku wa Urambo anajua kwamba kutazama tanuri la bani la kukaushia majani ni jambo moja, na kutazama majani yaliyoning'inizwa ndani ni jambo jingine, maana moto waweza kuwa umezimika na majani yamekwisha kuharibika, na waweza kuwa unanguruma ilhali majani bado ni mazuri. Ndivyo yalivyo macho haya. Mtaalamu Rundle wa Australia alionyesha mwaka 1945 kwamba maradhi hupanda kwa miezi kadhaa, yakafika kileleni, yakashuka kidogo, kisha yakatulia bila ya kurudi kamwe mahali yalipoanzia. Dawa za kutuliza uvimbe hufaa wakati wa kupanda; upasuaji wa kunyoosha na kurekebisha hufaa baada ya kutulia. Atakayechanganya nyakati hizo atampa mgonjwa dawa kali bure, au atampasua jicho ambalo kesho litageuka tena.

Kuhusu swali la kwanza, madaktari wa Amsterdam walitoa mwaka 1989 hesabu nyepesi ya alama, na kwa mgonjwa anayeonwa mara ya kwanza alama hizo ni 7. Mgonjwa huulizwa kama anasikia maumivu au mgandamizo nyuma ya jicho akiwa ametulia, na kama anaumia akitazama juu, chini au pembeni. Kisha hutazamwa kama kope zimekuwa nyekundu, kama kope zimevimba, kama weupe wa jicho umekuwa mwekundu, kama utando wa weupe huo umejaa maji, na kama kile kinyama cha pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, kimevimba au kuiva. Kila jambo lililopo ni alama moja, na zikifika 3 maradhi huhesabiwa kuwa yanaendelea.

Hesabu hii ni nzuri, lakini ilitungwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Wekundu wa kope juu ya ngozi ya Mnyamwezi hauonekani kama uonekanavyo juu ya ngozi ya Mholanzi; huwa ni weusi uliozidi, au joto linalosikika kwa mgongo wa kidole, na tabibu asiyekumbuka hilo atatoa alama 2 mahali palipostahili 3. Jambo hili latakiwa lifundishwe katika vyuo vyetu kabla ya hesabu yenyewe.

Kuhusu swali la pili, madaktari wa Ulaya walioungana mwaka 1999 kwa ajili ya maradhi haya peke yake wameyagawa katika daraja tatu. Ya kwanza ni ile nyepesi, ambayo kope ya juu imepanda kwa chini ya milimita 2, uvimbe ni kidogo, jicho limetokeza kwa chini ya milimita 3 kupita kawaida, vitu havionekani viwili viwili au huonekana hivyo kwa nadra, na ukavu wa jicho hutulizwa na machozi ya bandia. Ya pili ni ya kadiri mpaka kali, ambamo vipimo hivyo vimepitwa, na mtu huona barabara mbili na bakuli mbili hata maisha yake yakaharibika. Ya tatu ni ile itishiayo nuru ya macho, na hiyo haihesabiwi kwa milimita hata kidogo: ni neva iliyobanwa, au konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kilichochubuka na kuanza kuoza kwa sababu kope hazifungi. Wagonjwa wengi huwa katika daraja ya kwanza, na wa daraja ya tatu ni wachache sana. Wanawake ndio wapatwao zaidi, lakini wanaume na wazee ndio wanaopatwa kwa ukali zaidi.

Hapo juu nimeandika maneno "kupita kawaida", na maneno hayo yana mtego. Kutokeza kwa jicho hupimwa kwa chombo kilichobuniwa na Ernst Hertel mwaka 1905, ambacho huwekwa kwenye mfupa wa pembeni mwa macho na kusomwa kwa vioo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1984 uliona kwamba mpaka wa kawaida kwa mwanamume mweupe ni kama milimita 21.7, na kwa mwanamume mweusi 24.7; kwa mwanamke mweupe 20.1, na kwa mwanamke mweusi 23. Basi tabibu akiichukua kanuni ya Kizungu bighairi ya kufikiri, atawaita wagonjwa watu wazima wenye siha kamili. Bora kuliko kanuni yoyote ni kumwomba mgonjwa picha yake ya zamani, ile ya kipaimara, ya harusi, au ya kadi ya mpiga kura, na kulinganisha macho ya wakati ule na ya sasa.

Wala asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa yenye mashine. Sehemu kubwa ya upimaji hufanywa kwa vitu vilivyo mezani mwa zahanati. Chati ya herufi iliyotundikwa mita 6 mbele ya mgonjwa huonyesha nguvu ya kila jicho peke yake. Rula ya mwanafunzi hupima uwazi kati ya kope mbili. Kidole kikiongozwa juu, chini na pembeni hufichua msuli uliokaza. Mgonjwa akiambiwa afumbe macho kama alalaye, tochi huonyesha kama weupe umebaki wazi. Tochi hiyo hiyo ikihamishwa toka jicho moja hata la pili, mboni ya jicho ambalo neva yake imedhurika zaidi ya mwenzake hutanuka badala ya kunywea. Na kizibo chekundu cha chupa ya soda kikionyeshwa kwa kila jicho, wekundu ukafifia na kuwa kama kutu kwa jicho moja, yaelekea neva hiyo imebanwa hata kama mgonjwa angali anasoma herufi zote. Kipimo hiki cha rangi ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa hutoa habari mapema na hakigharimu senti.

Njia yetu ya misafara ina kumbukumbu yake ya jicho lililoshindwa kazi. Mwaka 1858 Speke, msafiri Mwingereza, akisafiri na mwenzake Burton kutoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, alifika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari akiwa karibu kuwa kipofu kwa uambukizo wa macho, asiweze kuliona vema ziwa aliloliendea kwa miezi mingi. Mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule, macho yakiwa yamepata nafuu, akaiona Nyanza, ndiyo Ziwa Viktoria. Maradhi yake hayakuwa haya ya tezi, lakini mizani iliyompima ndiyo hii ninayoitetea: jicho laona nini?

Madaktari wa Ulaya wameongeza jambo moja ambalo nalipa uzito zaidi ya wao wenyewe walivyolipa. Katika miaka ya 1990 Waholanzi walitunga maswali ya kumwuliza mgonjwa, nusu yakihusu kuona kwake na nusu yakihusu sura yake: je, watu wanamkodolea macho, je, anajitenga, je, amepoteza imani na nafsi yake? Na kanuni yao husema kwamba mgonjwa wa daraja nyepesi anaweza kutibiwa kama wa daraja ya pili iwapo maisha yake yamevurugika kiasi hicho. Kule Amsterdam swali la sura ni swali la huzuni na haya. Kwetu laweza kuwa swali la uhai. Mama mzee wa Nzega mwenye alama 2 na milimita 2, ambaye kitabu kingemwandika "nyepesi", lakini jirani amefiwa na mtoto na maneno yameanza kupita kisimani, huyo maradhi yake si mepesi. Tabibu amwulize majirani wanasemaje, aandike jibu katika cheti pamoja na milimita, na mwenyekiti wa kijiji ajulishwe kwa hekima, mgonjwa akiridhia, kwamba macho haya yana jina, yana sababu na yana dawa. Ninasadiki kwamba daraja ya ugonjwa katika nchi yetu haijakamilika mpaka swali hili liulizwe.

Na sasa tumbaku, maana Tabora haiwezi kuzungumza juu ya macho haya ikainyamazia. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika 1951 ulipoiacha Urambo na mashamba yaliyofyekwa, tumbaku ndiyo iliyorithi, na mpaka leo ndiyo isomeshayo watoto na kuezekea nyumba mabati kutoka Kaliua mpaka Sikonge. Simlaumu mkulima. Lakini katika mambo yote yanayojulikana kuyazidisha maradhi haya, la kwanza ambalo mtu anaweza kuliacha kwa hiari yake ni kuvuta sigara: mvutaji hupatwa zaidi, hupatwa kwa ukali zaidi, kila sigara ikiongezeka hatari huongezeka, na dawa humfaa kidogo kuliko asiyevuta. Mgonjwa wa tezi anayevuta aambiwe waziwazi siku ya kwanza, kabla macho hayajaguswa.

Tiba nitaipitia kwa ufupi. Homoni zirudishwe katika kadiri yake kwa vidonge, zisizidi wala zisipungue. Daraja nyepesi hutosheka na machozi ya bandia mchana, mafuta ya macho usiku, na kichwa kuinuliwa kitandani. Daraja ya pili, maradhi yakiwa yanaendelea, hutibiwa kwa steroidi ya mshipani mara moja kila wiki kwa wiki 12, jumla gramu 4.5, baada ya kupima ini, sukari, homa ya ini na kifua kikuu. Daraja ya tatu hupewa steroidi hiyo kwa kiasi kikubwa bila ya kukawia, na neva isipopata nafuu katika wiki 2, mfupa wa pango hupasuliwa ili kuipa nafasi. Madini joto ya mionzi, yanayotumika kuizima tezi, huweza kuyazidisha macho yanayoendelea kuugua, hasa ya mvutaji, kwa hiyo macho yapimwe kabla ya mtu kupelekwa huko. Dawa mpya iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 bei yake haijakaribia mfuko wa mtu wa kwetu. Na matone ya steroidi yauzwayo madukani hayafiki nyuma ya jicho, ila huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha shinikizo ndani yake.

Msomaji wa Tabora, ukiwa na ndugu mwenye macho ya namna hii, mpeleke hospitali ya Kitete akapimwe damu na macho, usingoje msimu wa kuuza tumbaku. Akisema rangi nyekundu imefifia, au nuru imepungua, au ukiona kope hazifungi na doa jeupe limeingia mbele ya jicho, mpeleke siku ile ile, na ikitakiwa kwenda hospitali ya Bugando au ya Muhimbili, safari isiahirishwe. Akiwa ni mtoto ambaye jicho lake moja limetokeza, usidhani kamwe kuwa ni tezi. Huenda ni saratani, na hiyo nayo haingoji. Ninyi waganga wakuu wa wilaya, toeni kwa kila zahanati chati moja, rula moja na tochi moja, na mfundishe matabibu wenu kuuliza maswali yote mawili, la jicho na la majirani.